Seva Chanzo Haijui Kwamba Umeondoka

Seva pokezi, ile inayotunza nakala ya hifadhidata, ikizimwa, seva chanzo haina njia ya kujua kama mwenzake amekufa, amelala, au yuko njiani anarudi. Inachojua ni kwamba muunganisho umekatika. Sasa ifanye nini na mabadiliko yanayozidi kuandikwa kila sekunde? Iyatunze mpaka mwenzake arudi, au iyafute isonge mbele? Kila mfumo wa hifadhidata umelijibu swali hilo kwa namna yake. Kwa maoni yangu, jibu hilo ndilo linaloamua kama kuzima urudufishaji kutakuwa kazi ya dakika tano au mkesha wa siku mbili.

Wengi wanaopewa kazi hii huanza kwa kutafuta amri moja ya kuzimia. Amri zipo, tena ni fupi. Shida ni kwamba urudufishaji, au replikesheni kama wasemavyo mafundi wengi kazini, ni makubaliano ya pande mbili, na amri nyingi huvunja upande mmoja tu. Upande wa pili hubaki na ahadi yake mkononi.

Tuanze na ahadi yenyewe. Hifadhidata ya kuaminika haikimbilii kubadilisha jedwali kwenye diski. Kwanza huandika katika daftari la mabadiliko: mstari huu umeongezwa, salio lile limepungua, rekodi hii imefutwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mfumo ukiwaka tena husoma daftari na kumalizia ulipoachia. PostgreSQL hulitumia daftari hilohilo kulisha seva pokezi. MySQL huandika daftari la pili, binlogi, ambalo seva pokezi hulinakili kwake na kulitekeleza mstari kwa mstari. Katika mifumo yote miwili seva pokezi ni msomaji aliye nyuma kidogo ya mwandishi, na suala zima la usalama linazunguka kitu kimoja: nani anayekumbuka msomaji amefika ukurasa gani.

Katika MySQL, anayekumbuka ni msomaji mwenyewe. Chanzo hutunza binlogi kwa muda uliopangwa, ambao katika toleo la 8.0 ni sekunde 2,592,000 usipobadilisha, yaani siku 30. Muda ukipita mafaili hufutwa, hata kama kuna seva pokezi iliyokatika ambayo haijayasoma. Ni chanzo sahaulifu. Usahaulifu huo una faida: ukiiondoa seva pokezi leo na usirudi tena, chanzo hakitajaa kwa sababu yako. Hasara yake ni kwa yule aliyetaka kupumzisha tu. Akirudi baada ya siku 40 atakuta kurasa alizozihitaji zimekwisha kuchomwa, na itambidi ajenge nakala upya tangu mwanzo.

PostgreSQL nayo ilianza ikiwa sahaulifu. Urudufishaji wa mtiririko ulipoingia katika toleo la 9.0, mwaka 2010, msimamizi aliweka idadi ya vipande vya daftari vya kubakiza, kisha akaomba Mungu seva pokezi isichelewe kuliko hapo. Mwaka 2014, toleo la 9.4 lilileta sloti: alama inayokaa kwenye seva chanzo yenyewe, yenye jina la msomaji na mahali alipofika. Kuanzia hapo chanzo chenye sloti kikawa kinangoja. Hakifuti kipande chochote ambacho mwenye sloti hajakisoma, hata akikawia mwezi mzima.

Hapo ndipo ajali nyingi za kuzima zinapozaliwa, na inafaa tuzifanyie hesabu. Kipande kimoja cha daftari la PostgreSQL kwa kawaida ni MB 16. Tuseme seva yenye kazi ya wastani inajaza kipande kimoja kila sekunde kumi. Hizo ni MB 96 kwa dakika, karibu GB 5.8 kwa saa, GB 138 kwa siku. Fundi anazima seva pokezi Ijumaa saa 12 jioni kwa kuwa mradi umeisha, halafu anakwenda nyumbani. Hakuna kinacholia. Maombi ya wateja yanajibiwa kwa kasi ileile, na diski ya chanzo ilikuwa na nafasi ya GB 300. Jumapili kama saa 4 usiku nafasi hiyo imekwisha, na PostgreSQL ikikosa mahali pa kuandika daftari lake husimama kabisa. Kilichosimama ni seva chanzo, ile ambayo hakuna aliyeigusa.

Mzigo wa kungoja hauishii kwenye diski. Baadhi ya sloti hushikilia pia alama ya muamala wa zamani zaidi ambao msomaji anaweza kuuhitaji, na maadamu alama hiyo ipo, usafishaji wa mistari iliyokufa hauwezi kwenda mbele ya hapo. Kwa sloti za urudufishaji wa kimantiki, unaotuma mabadiliko ya mistari badala ya daftari lenyewe, zuio hilo huangukia majedwali ya ndani ya mfumo, lakini kwa seva pokezi iliyowekwa itoe taarifa ya hoja zake kwa chanzo, huangukia majedwali ya kawaida. Majedwali yanavimba, hoja zinazidi kuwa nzito, na fundi anahangaika na faharasa wakati kisababishi ni sloti ya mashine iliyoondolewa miezi mitatu nyuma.

Basi kwa PostgreSQL, kuzima kunakamilika pale sloti inapofutwa kwenye chanzo. Kama urudufishaji ni wa kimantiki, ule ulioingia katika toleo la 10 mwaka 2017, amri ya DROP SUBSCRIPTION inayotolewa kwenye seva pokezi hufanya kazi zote mbili: huondoa usajili, kisha hupiga hodi kwenye chanzo na kufuta sloti. Ni utaratibu mzuri, lakini unategemea seva zote mbili ziwe hai na zinaonana. Chanzo kisipofikika amri hukataa. Njia inayobaki ni kuzima usajili kwanza, kuutenganisha na sloti kwa kuweka slot_name kuwa NONE, kisha kuufuta. Hapo upande wa pokezi umekuwa huru, lakini sloti ingali hai kule chanzo, na mtu lazima aende kuifuta kwa pg_drop_replication_slot. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, kwa sababu kwenye skrini ya seva pokezi kila kitu kinaonekana kimekwisha. Anayeanza kwa kuifuta mashine pokezi nzima, bila kugusa usajili, anafika palepale kwa njia fupi zaidi.

Wasanidi wa PostgreSQL wameliona tatizo hili. Toleo la 13 la mwaka 2020 liliongeza mpangilio wa max_slot_wal_keep_size, unaoweka ukomo wa daftari litakalotunzwa kwa ajili ya sloti. Ukipitwa, sloti hubatilishwa na chanzo kikaendelea kuishi. Toleo la 18 la mwaka 2025 likaongeza ukomo wa muda kwa sloti isiyotumika. Lakini usipoweka thamani yoyote, ukomo wa kwanza ni hasi moja, maana yake hakuna ukomo, na wa pili umezimwa. Ningemshauri kila msimamizi aweke huo wa kwanza leo, kabla hajafikiria kuzima chochote. Kupoteza nakala moja unayoweza kuijenga upya ni afadhali kuliko kusimamisha huduma nzima.

Jambo moja zaidi kuhusu diski iliyojaa, kwa kuwa hofu humsukuma mtu kufanya mabaya. Folda ya daftari zamani iliitwa pg_xlog, na baadhi ya wasimamizi waliwahi kuifuta kwa mkono wakidhani ni logi za kawaida za kusomwa na binadamu. Walichokuwa wakifuta ni moyo wa hifadhidata. Toleo la 10 lilibadilisha jina likawa pg_wal, kwa sehemu kubwa ili kuzuia kosa hilo. Diski ikijaa kwa sababu ya sloti, dawa ni kufuta sloti. Vipande vitaondolewa na mfumo wenyewe.

SQL Server iko upande wa wanaongoja. Katika urudufishaji wake wa miamala, daftari la chanzo haliwezi kukatwa mpaka wakala msomaji awe amelipitia. Mtu akiondoa urudufishaji nusunusu, faili la daftari huendelea kukua, na ukiuliza hifadhidata kwa nini haikati, safu ya log_reuse_wait_desc hujibu kwa neno REPLICATION. Utaratibu wa sp_removedbreplication upo kwa ajili ya kusafisha mabaki hayo.

Nimekaa sana kwenye chanzo kwa sababu ndiko madhara makubwa yaliko. Lakini usahaulifu wa MySQL usimfanye mtu alale. Huko hatari imehamia kwenye seva pokezi, na ina sura ya kurudi pasipo kuitwa. Amri ya STOP REPLICA, iliyokuwa STOP SLAVE mpaka toleo la 8.0.22 la mwaka 2020, husimamisha usomaji na utekelezaji kwa wakati huo tu. Anwani ya chanzo na jina la mtumiaji hubaki zimeandikwa ndani. Seva hiyo ikizimwa na kuwashwa tena, urudufishaji huanza wenyewe, isipokuwa kama mpangilio wa skip_replica_start umewekwa. Fikiria seva pokezi iliyogeuzwa kuwa ya majaribio, watu wakabadilisha data zake kwa wiki tatu. Umeme unakatika usiku, jenereta inachelewa, mashine inawaka asubuhi na kuanza kuvuta mabadiliko ya chanzo juu ya data ambazo si zake tena. Bahati ikiwepo, itagonga kosa la ufunguo na kusimama. Isipokuwepo, itachanganya.

Anayetaka kuachana moja kwa moja anahitaji RESET REPLICA ALL baada ya kusimamisha. Neno ALL lina uzito: bila hilo, amri hufuta mahali ilipofikia lakini hubakiza anwani na jina la mtumiaji katika kumbukumbu ya seva. Na jirani yake kwa jina, RESET MASTER, ambayo katika toleo la 8.4 imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na RESET BINARY LOGS AND GTIDS, hufuta binlogi zote za seva inapoandikwa. Ikiandikwa kwenye chanzo chenye wasomaji wengine wawili waliokuwa salama, imewakata wote. Majina hayo ya zamani yalifanana mno, na jina jipya refu lina faida kwamba linasema wazi kitakachofutwa.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba lengo la kuzima ni moja. Sivyo. Anayepumzisha seva pokezi kwa saa mbili ili kuongeza diski hataki sloti ifutwe. Anachohitaji ni kuhakikisha chanzo kinaweza kungoja saa mbili na ziada. Anayeiondoa kabisa anataka kila alama ifutwe. Na anayehamisha huduma kutoka seva ya zamani kwenda mpya anazima urudufishaji kama hatua ya mwisho ya safari, baada ya seva pokezi kupata kila kitu. Huyu wa tatu ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote.

Kwake yeye, kinachozimwa kwanza ni maandishi. Chanzo lazima kiache kupokea mabadiliko kabla urudufishaji haujakatwa, la sivyo kutakuwa na muamala uliothibitishwa kwa mteja lakini haukuvuka. Katika MySQL, read_only peke yake haitoshi, kwani watumiaji wenye mamlaka makubwa bado wanaweza kuandika. Super_read_only, iliyokuja na 5.7, huwafungia nao. Kisha unangoja seva pokezi ifikie. Hapa naona watu wengi wakitegemea Seconds_Behind_Source isome sifuri. Namba hiyo hupima umbali kati ya kinachotekelezwa na kilichokwisha kuwasili, kwa hiyo mtandao ukiwa mzito inaweza kuonyesha sifuri wakati binlogi nyingi zingali upande wa pili wa waya. Ulinganifu wa kweli ni wa alama za miamala: seti ya GTID ya chanzo kilichofungwa na ile iliyotekelezwa kwenye pokezi. Katika PostgreSQL unalinganisha nafasi ya daftari ya chanzo na nafasi ambayo pokezi imekwisha kuitekeleza. Zikilingana huku hakuna anayeandika, unaweza kukata.

Hata hapo kuna vitu ambavyo urudufishaji haukuwahi kuvibeba. Urudufishaji wa kimantiki wa PostgreSQL, hadi toleo la 18, hauhamishi hali ya vihesabu vinavyotoa namba za ufunguo. Mistari yote milioni mbili ya wateja ipo kwenye seva mpya, lakini kihesabu kinadhani ndiyo kwanza kinaanza, na mteja wa kwanza kujisajili anapewa namba moja, ambayo ina mwenyewe. Vihesabu lazima visogezwe mbele kabla ya kufungua milango. Mabadiliko ya muundo wa majedwali nayo hayavuki. Katika MySQL, kazi zilizopangwa kujiendesha kwa ratiba hufika kwenye pokezi zikiwa zimezimwa, ili zisitekelezwe mara mbili. Seva hiyo ikiwa ndiyo kuu, hubaki zimezimwa mpaka mtu aziwashe. Kazi ya kufunga hesabu za usiku inaweza kukaa kimya wiki nzima bila kosa lolote kuandikwa.

Kuna pia urudufishaji wa kungojana, ambapo chanzo hakimjibu mteja mpaka pokezi ithibitishe. Ukizima pokezi pekee iliyotajwa katika synchronous_standby_names ya PostgreSQL, kila uthibitisho wa muamala unaning'inia bila ukomo. Jina liondolewe kwanza, mipangilio isomwe upya, ndipo mashine izimwe. MySQL katika hali yake ya nusu kungojana huvumilia sekunde 10 isipobadilishwa, kisha huendelea peke yake.

Yote hayo ni ya mfumo. Kosa la binadamu nalo lina kisa chake, na ninakirudia kila ninapopata nafasi kwa sababu wenyewe walikiandika kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab walikuwa na seva kuu na seva pokezi moja ya PostgreSQL. Mzigo ulipozidi jioni hiyo, pokezi ilichelewa kiasi kwamba chanzo kilikuwa kimekwisha kufuta vipande vya daftari ilivyovihitaji, na hapakuwa na hifadhi ya vipande vya zamani. Chanzo sahaulifu, tena. Ikabidi data za pokezi zifutwe na nakala ijengwe upya. Chombo cha kunakili kilipokaa kimya, mhandisi, usiku wa manane, alidhani mabaki katika folda ya pokezi ndiyo yanayozuia. Akaifuta folda. Baada ya sekunde moja au mbili akagundua yuko kwenye seva kuu. Kati ya GB 300 zilibaki takribani 4.5.

Kilichofuata kinahusu kila anayezima urudufishaji. Bakapu za kila siku zilikuwa hazifanyiki, kwa kuwa chombo cha kuzitengeneza kilikuwa cha toleo la 9.2 na hifadhidata ni 9.6; barua pepe za kutoa taarifa ya kosa hilo zilikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa saa sita hivi kabla, tena kwa kazi nyingine. Data za karibu saa sita zilipotea: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, akaunti mpya kama 700. Huduma ilirejea baada ya karibu saa 18.

Watu husema, na ni kweli, kwamba seva pokezi si bakapu. Ila siku unapoizima, unaondoa nakala ya pili ya data iliyo hai, na mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikificha udhaifu wa bakapu. Kabla ya kukata, bakapu moja irejeshwe kwenye mashine nyingine na ifunguke. Sizungumzii kuangalia kama faili lipo. Na kabla ya amri yoyote inayofuta, uliza mashine yenyewe ni nani: pg_is_in_recovery hujibu kweli kwenye pokezi ya mtiririko na si kweli kwenye chanzo; SHOW REPLICA STATUS kwenye chanzo cha MySQL hurudi tupu. Jina lililo kwenye kichwa cha dirisha la terminali liliandikwa na mtu, na mtu huchoka. Folda ya data nayo ibadilishwe jina badala ya kufutwa, ikae hivyo siku kadhaa. Nafasi ya diski ni rahisi kuliko usiku ule.

Kinyume cha kupoteza nakala ni kubaki na mbili zinazodai ukuu. Oktoba 2018 mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao cha GitHub mashariki mwa Marekani na kituo chake kikuu cha data cha hukohuko mashariki yalikatika kwa sekunde 43. Mfumo wa kiotomatiki ulipandisha cheo seva za magharibi mwa nchi, huku zile za mashariki zikiwa na maandishi machache ambayo hayakuwa yamevuka. Kila upande ukawa na kitu ambacho mwenzake hana, na huduma ilidorora kwa saa 24 na dakika 11 ili data zipatanishwe. Waliokatika hawakukusudia. Wewe unayekata kwa kukusudia unatengeneza hali hiyohiyo ukiacha seva ya zamani ikikubali kuandikwa, na programu moja iliyosahauliwa yenye anwani ya zamani inatosha. Kwa hiyo lango la mtandao lifungwe na nywila ya programu kwenye seva ya zamani ibadilishwe. Akaunti ya urudufishaji nayo ifutwe, maana ilikuwa na haki ya kusoma kila kitu.

Kusoma kila kitu kunagusa pia sheria. Nakala iliyoachwa kwenye mashine iliyostaafu bado ni majina, namba za simu na malipo ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 hazitofautishi kati ya data iliyo kwenye seva kuu na ile iliyosahaulika kwenye rafu ya nyuma.

Lakini usikimbilie kuifuta siku ileile. Seva pokezi iliyokatwa, kama haijazimwa, huendelea kujibu. Ripoti ya mauzo inayosoma kutoka kwake itatoka asubuhi kama kawaida, na hakuna kosa litakaloonekana. Takwimu tu zitakuwa za juzi, kisha za wiki iliyopita, na meneja atafanya uamuzi kwa kuziangalia. Mimi hufunga mlango wa seva hiyo kabla ya kuifuta, niiache imewaka bila kupokea mtu, kwa angalau mzunguko mmoja kamili wa ripoti, mwisho wa mwezi ukiwemo. Atakayelalamika kwamba ripoti yake imegoma ndiye msomaji ambaye hakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.